Kwezi wa Nguzo ya Chuma

Mpendwa Papa Mkwe,

Kwa heshima zote, nikiwa nimesimama wima na vifungo vyangu vyote vimefungwa (kasoro kile cha tumboni, ambacho siku hizi hakisikii amri), natimiza wajibu mzito wa kukutangazia wewe na ukoo wako wote, wale wa Fizi na wale wa hapa Kalemie, habari ifuatayo: leo asubuhi, mbele ya mashahidi, ndege amejisaidia juu ya suruali ya mteja.

Suruali nyeupe, Papa. Ya harusi. Nilikuwa nimeitundika kwenye kamba chini ya mkuyu wako, imepigwa pasi, inamngoja mwenyewe. Mwenyewe alikuwa ndiyo kwanza anaingia mlangoni. Amefoka mpaka majirani wametoka. Feza amecheka mpaka ameketi chini. Na mimi, badala ya kuomba msamaha kama fundi mwenye akili zake, nimekimbia katikati ya uwanja, utepe wa kupimia shingoni, nikipiga kelele: "Wamerudi! Feza, wamerudi!"

Wamerudi, Papa! Kwezi wako!

Nimemwona kwanza dume, juu kabisa, kwenye lile tawi lisilo na majani linaloelekea ziwani. Kivulini alikuwa mweusi tu, ungesema kipande cha mkaa kimesahauliwa mtini. Kisha akasogea hatua moja, jua likamgusa, na akawaka. Zambarau. Nikasema zambarau, akageuza bega, akawa divai ya misa. Nikasema divai, akainamisha kichwa, akawa biringanya iliyopakwa mafuta. Nimeshona satini za Bujumbura na vitenge vya Kigoma tangu nina nywele kichwani, sijapata kushika kitambaa kinachofanya vile. Na kuanzia kifuani kwenda chini, nyeupe tupu, imekutana na zambarau kwenye mstari mmoja ulionyooka, haukupinda popote. Mshono wa namna hiyo mimi sijaupata kwenye shati hata moja, na wateja wangu wote watakuambia hivyo bila kuulizwa.

Halafu akaimba. Hapo nikakukumbuka wewe kabisa, maana ulikuwa unaacha kila kitu ukimsikia, hata ukiwa katikati ya kugombana na mtu juu ya bei ya ndagala, dagaa zako. Wanaojua wale kwezi wengine, wa bluu, wenye kelele za sokoni, hudhani kwezi wote ni wagomvi. Huyu wako ana adabu. Anaanza na sauti nyembamba inayopanda, kwiiii, kama mlango wa kabati unaofunguliwa na mtu anayekwenda kuiba sukari. Inafuata mitetemo midogo, tri-ri-ri-ri, kama vijiko vinagongana ndani ya glasi. Kisha ananyamaza, aone kama umesikia. Na akiimba hainui mabawa yote mawili, anainua moja, analishusha, anainua la pili.

"Muangalie," ulikuwa unaniambia. "Iko mu animasyo."

Nchi ilikuwa bado Zaire, na kila kazi, kila shule, ilikuwa na kikundi chake cha animasyo, cha kuimba na kucheza mbele ya wakubwa. Hata mafundi cherehani tulikuwa nacho. Mimi walinipanga mstari wa nyuma, kisha nyuma ya mstari wa nyuma, kisha wakaniambia bora nishone sare. Ndiyo miaka ile koti la kizungu na tai vilikuwa vimekatazwa. Wewe ulikuwa unamtazama kwezi na lile koti lake lililoachwa wazi na shati jeupe ndani, unatikisa kichwa: "Huyu hajasikia sheria. Siku moja watamufunga." Kisha unacheka peke yako, mabega yakitikisika, na unanitazama kuona kama nami nathubutu kucheka.

Lakini hapo ndipo palipokuwa na kosa lako, Papa, na niruhusu nilisimulie tena, kwa sababu nimefurahi sana leo na sina mtu mwingine wa kumchokoza kuhusu jambo hili.

Mimi nilikuwa kijana kutoka Moba mwenye cherehani ya kuazima, nakaa barazani kwa watu, ng'ambo ya njia, mkabala na uwanja wako. Feza alikuwa ameniletea kitenge nimshonee gauni. Nikakosea mkono mmoja. Akaurudisha. Nikaurekebisha, nikakosea wa pili. Akarudi tena. Mpaka leo anawaambia watu kwamba nilikosea kwa makusudi ili aendelee kuja. Papa, sikuwa na ujanja huo. Nilikosea tu.

Wewe ulikuwa mtu wa ndagala. Mashua zikija kutoka kaskazini, uwanja wote unajaa samaki wadogo waliotandazwa juu ya turubai, wanang'aa, na mkuyu umesimama katikati yao. Mkuyu ukizaa, kwezi wanakuja. Kwezi wakija, wanakula tunda. Wakila tunda, basi, wewe mwenyewe unajua linakoishia. Na kwa jambo hilo ulikuwa na hukumu yako, nayo haikuwa na rufaa. Ulisema katika mti ule kuna mataifa mawili. Kuna wale wa zambarau, wageni wa heshima, waliokuja kukusalimia. Na kuna wale wengine, wadogo wa kahawia, kifua cheupe kimejaa mistari na madoa kama karatasi iliyorushiwa wino. Hao ulisema ni wezi wanaofuata wakubwa kila wanakokwenda, na ndio wanaochafua ndagala. Kwa ajili yao uliweka manati chini ya kiti chako.

Basi siku ya posa ikafika. Baba yangu mdogo ndiye alikuwa msemaji wetu. Kazi yangu mimi ilikuwa moja: kukaa, kutazama magoti yangu, na kutosema neno. Baba Mdogo alinikumbusha maagizo hayo njia nzima tangu asubuhi. "Hata wakikuuliza jina lako, mimi njo nitajibu."

Na mambo yalikwenda vizuri! Mlikubali soda zetu. Mliuliza habari za Moba, habari za mvua, habari za mapadri. Baba Mdogo alikuwa ndiyo anakaribia neno lenyewe, ameshakohoa kule kukohoa kwa maana, wakati kitu kilipoanguka kutoka mtini, tap, katikati ya ndagala.

Ukasimama na manati yako.

"Ona hawa!" ulisema. "Hawa ba kahawia njo wananiharibiaka mali. Wale ba zambarau, hapana. Muntu amevaa vile hawezi kuchafua chakula cha bantu."

"Kweli kabisa, Papa," akasema Baba Mdogo. Siku ile hata ungesema ziwa ni la maziwa angesema kweli kabisa.

Ukavuta mpira. Nikaona jiwe linaelekea wapi. Na mdomo wangu, ambao haukuwa na ruhusa, ukafunguka: "Papa, usimupige! Ule ni bibi yake."

Baba Mdogo alinikanyaga mguu na kiatu chake chote.

"Bibi ya nani?" ukauliza.

"Ya ule wa zambarau, Papa."

"Ule mukubwa? Na ile koti? Ameoa ule?"

Nilipaswa kunyamaza hapo. Lakini ukimuuliza fundi habari za nguo amekwisha. Nikakuambia kwamba nimewatazama toka barazani kwangu siku nyingi, kati ya gauni na gauni. Mkia ni ule ule, mabega ni yale yale, mdomo ni ule ule, jicho ni lile lile lenye mviringo wa njano. "Kipimo ni kimoja, Papa. Kitambaa tu njo kimebadilika."

Kutoka jikoni tukasikia Feza anacheka, kisha tukasikia mama yake anamnyamazisha.

Uliketi. Ukaweka manati juu ya magoti. Maneno uliyosema nayakumbuka, kwa sababu yalinitoa jasho: "Muntu anayenidanganya juu ya ndege, mchana, mbele ya macho yangu, atanidanganya nini juu ya mutoto wangu?"

"Kweli kab—" akaanza Baba Mdogo, akajikuta anakubali vibaya, akanywa soda haraka.

"Bwana na bibi wanalala nyumba moja," ukasema. "Unionyeshe ile nyumba. Nikiona wanaingia bote wawili, tutaendelea na maneno ya Feza. Nisipoona, basi. Kuko muntu wa kule Baraka, ana mashua ya mota, iko njiani anakuja na maneno ile ile."

Hapo nikaelewa kwamba nimeweka harusi yangu juu ya mgongo wa ndege wa ukubwa wa ngumi. Na kwezi hawa si wakaaji, wewe ndiye uliyenifundisha hilo. Tunda likiisha, makinda yakiruka, unaamka asubuhi mti ni mtupu, wamekwenda wanakokwenda.

Nikaanza kutafuta. Papa, nilitazama ndani ya kila tundu la Kalemie. Nilipanda michikichi iliyokufa. Niliingiza mkono kwenye shina moja kule njia ya kwenda Bendera, nikakutana na manyigu, nikashona wiki nzima na vidole vinne tu. Niliingiza mkono mwingine kwenye tundu lingine, nikakutana na mjusi ambaye naye hakutarajia mgeni. Wateja wakaanza kusema fundi amerogwa. Mama mmoja aliyekuwa ananingoja nimpimie kiuno alisimama chini ya mti na kitenge chake mkononi, akaniambia: "Fundi, ukishuka utanikuta nimezeeka."

Aliyeniokoa ni Feza. Alipita mbele ya baraza na ndoo kichwani, hakusimama, hakunitazama, akasema kama anazungumza na ndoo: "Unatafuta kule porini bure. Ile ya zambarau nimeiona, iko na jani mubichi mu mudomo. Inaenda upande wa reli." Akapita.

Jani bichi! Ndege hali majani, amekula tini za mkuyu msimu mzima. Jani ni la kutandika kitanda! Nikaacha cherehani inazunguka. Na kweli, kando ya reli, palipokuwa na ile nguzo ya chuma iliyo wazi ndani, ya taa ambayo haikuwaka tena, nikamwona bwana mkubwa anashuka na koti lake lote, anaingia kwenye tundu la juu, mkia unabaki nje, kisha mkia nao unapotea. Nilirukaruka pale relini mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nimeumwa na nyoka.

Nikangoja nisikie makinda, maana wazazi wakianza kulisha hawapumziki. Siku nilipoyasikia yanalia ndani ya chuma, sauti kama misumari midogo ndani ya kopo, nikaja kukuita. Ulikuja na kiti chako. Hukukubali kukaa juu ya jiwe, ulisema hakimu hakai juu ya jiwe.

Yaliyofuata umeyasimulia mwenyewe, Papa, harusini kwetu, kwenye ubatizo wa kila mtoto, na kwenye kila meza iliyokuwa na kinywaji. Unasimama, unashika glasi, unasema: "Huyu mukwe wangu, munamuona hivi, alinishika bega pale relini, akaniambia: Papa, angalia! Huyu bwana, na huyu bibi! Nikafuata kidole chake na macho, nikaona bote wawili. Nikasema, muntu mwenye jicho namna hii, nitamunyima mutoto?" Watu wanapiga makofi. Mimi natazama magoti yangu. Nadhani walifikiri ni unyenyekevu.

Sasa sikiliza kwa nini nakuandikia, maana si suruali peke yake. Jumapili wanakuja kumposa Nyota. Mjukuu wako, Papa, yule uliyekuwa unambeba shingoni kwenda kuona mashua! Kijana ni wa Manono, mrefu, anameza maneno akiniona, na nimeambiwa msemaji wao ni mjomba wake anayekohoa sana. Mimi ndiye nitakaa kwenye kiti chako, kilicho kitupu tangu tulipokuzika. Nimeshakijaribu. Ni kikubwa kuliko nilivyofikiri, ingawa ukimuuliza Feza atakuambia mimi nakijaza vizuri sana. Nina furaha mpaka nashona vifungo upande usio wake, na nina woga pia, kwa sababu moyoni nimeshaanza kumtafutia kijana wa watu makosa. Anameza maneno. Viatu vyake vinalia. Najua naweza kusema hapana kwa jambo lolote dogo, na hakuna atakayenibishia.

Kwa hiyo, nikianza kumsimulia kijana habari za posa yangu, sitamsimulia ile ya mezani. Nitamsimulia ilivyokuwa. Niache niiseme kwako kwanza, wewe peke yako unayeijua.

Mimi sikuona kitu.

Ulikuwa umekaa kwenye kiti, mimi nimesimama kando yako, kati ya nguzo na ule ukuta wa mawe. Dume alikuja na panzi mdomoni, akaingia, akatoka. "Mumoja," ulisema. Jike alikuwa kwenye waya, na kiwavi chake, anatutazama, hataki kushuka. Tukangoja. Jua lilikuwa linachoma. Dume akaja tena, akatoka tena, na wewe: "Bado ni ule ule mumoja." Nikaona unaanza kutazama upande wa bandari.

Ndipo Mama Mkwe akatokea njiani na sahani yako ya chakula, amejifunika kitambaa kichwani. Njia ilikuwa moja, nyembamba. Unajua desturi yetu, sisi wa ziwa hili wote tunaijua: kijana anayeposa hasimami uso kwa uso na mama wa msichana. Anampisha, anageuka. Sikuwa na pa kwenda. Nikageukia ukuta, nikavua kofia, nikajifunika nayo uso. Mama naye, kwa heshima ile ile, akainamisha kichwa, akatembea akitazama miguu yake.

Na wakati ule ule, nyuma ya mgongo wangu, nikasikia kwiiii. Halafu nyingine, nyembamba zaidi, inajibu. Halafu makinda yote yakalia pamoja ndani ya chuma, kelele kubwa, kelele ya vinywa vilivyopokea.

Mimi nilikuwa natazama ndani ya kofia yangu. Mama alikuwa anatazama mchanga. Mlinzi alikuwa amekwenda zake. Katika Kalemie nzima, macho yaliyokuwa juu ya ile nguzo yalikuwa ya kwako tu.

Nikangoja hukumu yako. Sijui ni kwa muda gani, lakini nilipata nafasi ya kuifikiria ile mashua ya mota, na jinsi Feza angekaa mbele, na kitenge chenye mikono niliyoikosea. Nilijua unachoweza kusema. Ungesema tu: sijaona. Ndagala zako zingepata haki yao, hukumu yako ingebaki hukumu, na binti yako angekwenda kwa tajiri. Nani angekubishia? Fundi aliyeupa mgongo ushahidi wake mwenyewe?

Nikasikia kiti kinalia, unasimama. Ukaniambia: "Geuka, mutoto. Wameingia bote. Ulisema kweli." Na kabla sijaiondoa kofia usoni, ukamwambia Mama, kwa sauti ya mtu aliyeshindwa na ambaye hajafurahi hivyo siku nyingi: "Mama Feza, rudi nyumbani uongeze ugali. Tuko na mukwe."

Lala vizuri, Papa. Feza anakusalimu, bado anacheka.

Mimi,
Mkwe wako